Kabla ya kujenga programu ya sayansi, soma mkataba wa pango

Ukikaa na vijana wanaoandika programu siku hizi, iwe Dar es Salaam au Nairobi, haipiti saa hujasikia kauli hii: lugha ya kuandikia programu haijalishi tena. Mweleze msaidizi wa akili mnemba unachotaka, tuseme dirisha lenye grafu, vitufe vitatu na mahali pa kufungulia faili la vipimo, na kabla chai haijapoa kitu kinafunguka kwenye kioo. Ukitaka Python anakupa Python. Ukibadili mawazo ukataka Java au JavaScript, anakuandikia upya bila kununa. Basi ya nini kuumiza kichwa kuchagua? Sibishani na nusu ya kwanza ya hoja hiyo. Nimeona kazi zilizokuwa zikinila wiki mbili zikiisha mchana mmoja. Ninachokataa ni hitimisho lake. Kuandika kodi kumekuwa rahisi, na kwa sababu hiyo hiyo uchaguzi wa mazingira ya kujengea umekuwa sehemu kubwa zaidi ya kazi, hasa kwa programu za kisayansi zenye madirisha, grafu na vitufe.

Kiswahili kimetutania kidogo hapa. Kodi ni amri tunazoiandikia kompyuta, na kodi ni pesa anayodai mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi. Mtafiti anayechagua MATLAB ya hesabu, Qt ya kujengea madirisha, LabVIEW ya vifaa vya maabara au kivinjari huamini anachagua namna ya kuandika kodi ya kwanza, kumbe anatia saini mkataba wa kulipa ya pili. Malipo yenyewe si fedha tu. Yanaweza kuwa mwezi mzima wa kurekebisha programu kwa sababu toleo jipya limevunja la zamani. Yanaweza kuwa seva inayotaka mtu wa kuiamkia usiku. Kwa hiyo swali la kuanza nalo, kwa maoni yangu, ni hili: nani atalifungua dirisha hili miaka kumi ijayo, kwenye kompyuta gani, na kwa ruhusa ya nani?

Programu ya kisayansi yenye dirisha ni mnyama wa peke yake. Programu ya duka inasubiri muuzaji abonyeze, inaandika kwenye hifadhidata, basi. Programu ya hesabu tupu unaipa faili jioni, asubuhi inatoa jibu, katikati haina haja ya kuongea na mtu. Hii yetu inatakiwa ifanye yote mawili kwa pamoja, na mara nyingi iwe inasikiliza pia kifaa kilichounganishwa kwa kebo. Ndani ya kila dirisha kuna mzunguko mdogo unaouliza bila kuchoka: kipanya kimesogea? Kitufe kimebonyezwa? Kuna cha kuchora upya? Ili jicho lione mwendo laini, kila duru inatakiwa iishe ndani ya milisekunde kama 16. Ukiubebesha mzunguko huo hesabu ya sekunde 40, hapabaki wa kuuliza. Dirisha linaganda.

Hilo nililijua kwa aibu. Niliwahi kuandika programu ya kusoma vipimo vya mwanga kutoka kwenye kifaa cha maabara moja, na hesabu yote nikaipachika ndani ya kitufe cha "Pima". Fundi wa maabara, mama mtu mzima, akabonyeza. Dirisha likapauka. Akabonyeza tena, na tena, kisha akatoa kichupa cha sampuli akidhani imeshindikana. Kompyuta haikusahau hata bonyezo moja. Ikapima mara tatu mfululizo, na faili likapata mistari mitatu, miwili kati yake ikiwa vipimo vya hewa. "Mwanangu," akaniambia, "mashine yako ina kiherehere." Dawa yake inajulikana: hesabu inapelekwa kando ifanyike nyuma ya pazia, dirisha libaki huru, na kitufe kizimwe hadi kazi iishe. Hivi karibuni nilimwomba msaidizi wa akili mnemba aandike programu ya aina ile ile, akaniwekea hesabu ndani ya kitufe, palepale nilipoiweka mimi. Nilipomkosoa alirekebisha vizuri sana. Lakini ilibidi niwe nimeshachekwa na fundi wa maabara ndipo nijue cha kumkosoa.

Zana tunazozigombania leo zilizaliwa kwenye shida za namna hii. Mwaka 1990 Wanorwei wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, walikuwa wakiandika hifadhidata ya picha za ultrasaundi ambayo ilitakiwa ifanye kazi kwenye Unix, Macintosh na Windows. Walitaka njia ya kuandika dirisha mara moja likafunguka kote, na katika kuitafuta wakaanza kazi iliyozaa Qt. Kampuni yao, Trolltech, waliianzisha mwaka 1994. Huko Chicago, John Hunter alikuwa akichunguza mawimbi ya umeme kwenye ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Programu ya kibiashara iliyokuwa maabarani kwao ilikuwa na leseni moja tu, imefungwa kwenye kifunguo cha kuchomeka kwenye kompyuta, na watafiti wakawa wanagombea zamu ya kukitumia. Hunter akaandika mbadala wake kwa MATLAB, ikambana, akahamia Python, na humo ikatoka matplotlib mwaka 2003, maktaba (mkusanyiko wa kodi iliyo tayari kutumika) ambayo leo karibu kila mwanafunzi wa sayansi anayejua Python ameichorea grafu. Wote watatu walikuwa waandishi hodari wa kodi. Kilichowakwamisha ni ruhusa na mashine: kifunguo kimoja kwa watu wengi, kazi moja kwa mifumo endeshi mitatu. Msaidizi wa akili mnemba angewafaa kwa mengi, lakini si kwa hayo mawili.

Tuanze na wenye nyumba wanaojulikana kwa majina. MathWorks, wenye MATLAB, wapo tangu 1984. LabVIEW ya National Instruments ilitoka 1986 kwa kompyuta za Macintosh. Utetezi wao una nguvu kuliko sisi wapenzi wa programu huria, zile ambazo kodi yake iko wazi kwa wote, tunavyopenda kukiri. LabVIEW haiandikwi, huchorwa: unaunganisha visanduku kwa nyaya, data inapita kama maji kwenye bomba, na mhandisi wa vifaa asiyejua lugha yoyote ya kompyuta anaielewa siku ya kwanza. Kama kifaa ulichonunua kimekuja na vidhibiti vya LabVIEW pekee, mjadala umekwisha, umeshachaguliwa. MATLAB nayo ina maelezo ya matumizi yaliyoandikwa na watu wanaolipwa kuyaandika, na ukikwama yupo wa kumuuliza. Kituo chenye bajeti ya kudumu kikiamua kununua, sitakicheka.

Shida huanza mwenye nyumba anapobomoa chumba ulichokipanga. Kwa miaka mingi wanafunzi wa MATLAB walifundishwa kuchora madirisha kwa chombo kiitwacho GUIDE. Mwaka 2016 kikaja App Designer, kisha GUIDE ikatangaziwa kuondolewa. Programu za zamani zinafunguka, lakini chombo cha kuzihariri ndicho kilichotajwa kwenye wosia. National Instruments walitoa LabVIEW NXG mwaka 2017 kama mrithi wa LabVIEW, wakawashawishi watu wahamie, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba hawaendelei nayo. Waliokawia kuhama ndio waliocheka. Mwaka 2023 kampuni yenyewe ikanunuliwa na Emerson. Na Mei 2025 MathWorks walishambuliwa na wadukuzi wa kudai fidia, huduma zao za mtandaoni zikayumba kwa siku kadhaa, zikiwemo za leseni. Hapakuwa na ubaya wa makusudi katika haya yote. Kampuni hubadilika, hununuliwa, huvamiwa. Lakini mtu aliyekuwa na tasnifu ya kuwasilisha wiki ile aligundua kwamba hesabu zake, kwenye kompyuta yake, zilikuwa na mlango ambao funguo zake ziko Massachusetts.

Hapo ndipo wenzangu wa programu huria hupiga makofi mapema mno. Qt ni huria, ndiyo, lakini imeshapita mikono ya Nokia mwaka 2008, Digia mwaka 2012, na sasa The Qt Company. Januari 2021 masahihisho ya muda mrefu ya toleo la 5.15 yakaanza kwenda kwanza kwa wenye leseni ya kulipia. Ukitaka kuitumia Qt kutoka Python una njia mbili zinazofanana kama mapacha, PyQt na PySide. Ya kwanza ina leseni ya GPL, inayotaka programu unayoisambaza iwe na kodi ya wazi, au unalipa. Ya pili ina leseni ya LGPL, inayokuachia nafasi zaidi ukiamua siku moja kuuza programu yako bila kuifungua kodi yake. Mwanafunzi huchagua kati ya hizo mbili kwa kufuata mfano wa kwanza aliouona kwenye mtandao. Mkataba umeshatiwa saini, hata jina la mwenye nyumba hajalisoma.

Mfano ninaoutazama kwa karibu zaidi ni QGIS, programu ya ramani iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 na kujengwa juu ya Qt. Huku kwetu si jina geni. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazofurika walipita mtaa kwa mtaa wakichora mitaro, nyumba na njia, na data hiyo ikafanyiwa kazi kwenye QGIS pamoja na InaSAFE, plagini (kiongezo cha programu) iliyoanzia Indonesia ya kukadiria maafa yatakavyowagusa watu. Februari 2018 ikaja QGIS 3, iliyohama kutoka Qt4 kwenda Qt5 na kutoka Python 2 kwenda Python 3 kwa mpigo. Plagini zilizoandikiwa toleo la 2 hazikufanya kazi mpaka zirekebishwe. Sasa tunahamishwa tena: QGIS 4 inakaa juu ya Qt6, na malalamiko yameanza. Nayasikia yakisemwa kwa njia mbili, na zote mbili naona zimekosea shabaha. Wa kwanza wanasema Python ndiyo mkorofi, kila baada ya miaka michache inavunja nyumba. Wa pili wanasema hakuna shida, akili mnemba itahamisha kila kitu.

Hao wa pili wana sehemu ya ukweli, na ni haki tuwape. Mabadiliko mengi ya safari hii ni ya maneno. Zamani uliandika Qt.AlignLeft, sasa unatakiwa uandike Qt.AlignmentFlag.AlignLeft, palipokuwa na exec_() panabaki exec(). Watu wa QGIS wenyewe wametoa kijiprogramu cha kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na msaidizi wa akili mnemba anaweza kumalizia mabaki. Lakini hebu fuata plagini moja ndogo, ya kawaida, iliyoandikwa na mwanafunzi kwa ajili ya shahada ya uzamili: inakokotoa ni nyumba ngapi ziko ndani ya mita kadhaa kutoka mtoni. Mwandishi wake sasa yuko benki. Nenosiri la akaunti ambako kodi imehifadhiwa analijua yeye peke yake. Nani anamwambia msaidizi ahamishe? Akihamisha, nani anathibitisha kwamba idadi ya nyumba kabla na baada ni ile ile? Nani anaipandisha mahali ambapo ofisa wa kata ataipata? Kuhamisha maneno kulikuwa kipande chepesi cha kazi tangu mwanzo. Vipande vizito vina sura ya mtu, na mtu huyo hayupo.

Jambo la kushukuru katika kisa hicho ni kwamba ramani zenyewe hazikuguswa. Mitaro iliyochorwa mwaka 2015 inafunguka leo kwenye toleo lolote, na kwenye programu nyingine zisizo na uhusiano na QGIS, kwa sababu data ilihifadhiwa kwenye miundo ya wazi. Nitalirudia hili mbele.

Kuna kambi ya kivinjari, ambayo ndiyo inayokua haraka. Hoja yao ni nyepesi na nzuri: kila kompyuta ina kivinjari, kila simu inacho, hakuna cha kusakinisha. Ushahidi wao mkubwa upo hapa nyumbani. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ulianza maisha yake Afrika Kusini kama programu ya kuwekwa kwenye kila kompyuta, imejengwa juu ya Microsoft Access. Toleo la pili likaandikwa upya kwa Java ili litumike kupitia kivinjari, na Kenya ikaliweka nchi nzima mwaka 2011 kwenye seva moja, watu wa wilaya wakiingia kwa modemu za simu. Fikiria lingine, la kuzunguka kila wilaya na diski za kusahihisha hitilafu. Kwa kazi ambayo watazamaji ni wengi na wanaoandika data wako mbalimbali, siwezi kubishana na kivinjari, na anayebishana sijui anabishia nini.

Ila kivinjari nacho kina makaburi yake. PhET, majaribio ya fizikia na kemia ya kuchezea kwenye kioo yaliyoanzishwa na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder mwaka 2002, yaliandikwa kwa Java na Flash, mambo yaliyoonekana ya kudumu enzi hizo. Vivinjari vikaacha kuendesha Java. Adobe wakaizika Flash tarehe 31 Desemba 2020. PhET ikalazimika kuandika upya jaribio moja baada ya jingine kwa HTML5, kazi iliyochukua miaka, na mengine ya zamani bado hayajafikiwa. Mwalimu anayeyatumia kwa Kiswahili leo, maana yapo kwa Kiswahili, anafurahia matunda ya uvumilivu huo: kila jaribio jipya ni faili moja unaloweza kulipakua, ukalibeba kwa flashi, likafunguka shuleni kusiko na intaneti. Tazama mahali ushindi ulipotoka. Walitoka kwenye vitu vya kampuni vilivyopachikwa juu ya kivinjari, wakahamia kwenye lugha ya kivinjari chenyewe, na wakahakikisha faili linajitegemea. Wengi wanaosema "nimejenga kwenye wavuti" leo hawajafanya hivyo. Wametumia zana kama Streamlit, inayogeuza kodi ya Python kuwa ukurasa wa wavuti, ambayo naipenda kwa maonyesho ya haraka, lakini huendesha upya programu nzima kila mtu anapogusa kitufe, na inahitaji seva ya Python iwe macho muda wote. Seva ni mpangaji mwingine ndani ya nyumba yako. Inakula umeme, inataka jina la tovuti lilipiwe kila mwaka, na siku aliyeisimamisha akihama, anuani inabaki kwenye makala ya utafiti ikielekeza gizani.

Narudi kwa wale wa akili mnemba, kwa sababu hoja yao ya mwisho, wanapobanwa, ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo inayorudiwa zaidi: mazingira yakifa, tutamwambia msaidizi atafsiri programu nzima kwenda mazingira mapya. Katika programu ya duka hilo linaweza kupita. Ukikosea rangi ya kitufe, mteja atanuna, utarekebisha. Programu ya kisayansi ni kifaa cha kupimia, sawa na mizani. Mizani haitafsiriwi, inapimwa upya dhidi ya jiwe linalojulikana. Programu ya zamani ilikata desimali namna gani? Ilifanya nini palipokuwa na kipimo kilichokosekana, ilikiruka au ilikihesabu kama sifuri? Grafu ilichora pointi zote au ilizipunguza ili kioo kisichoke? Majibu ya maswali hayo mara nyingi hayako kwenye kodi kwa uwazi. Yako kwenye tabia ya maktaba ya zamani ambayo mpya haiifuati. Msaidizi atakupa programu inayofanana na ya kwanza kwa sura, tena inayofunguka bila kosa lolote, na tofauti ya asilimia mbili itakaa humo kimya hadi mtu wa nje arudie utafiti wako. Pasipo faili za majaribio zenye majibu yanayojulikana, tafsiri ya aina hiyo ni kubahatisha kwa kasi. Na maabara iliyokuwa na nidhamu ya kutunza faili hizo, nina hakika, ilikuwa na nidhamu pia ya kuchagua mazingira vizuri tangu siku ya kwanza.

Kuna na jambo la chini kwa chini. Msaidizi hufahamu zaidi kile kilichoandikwa zaidi. Ukimwachia achague atakupeleka kwenye zana maarufu, ambayo si lazima iwe ndiyo inayofaa kifaa chako, na atachanganya matoleo: mstari huu wa PyQt5, ule wa PyQt6, mwingine wa PySide. Kwa anayejua mkataba wake hilo ni usumbufu wa dakika kumi. Kwa asiyejua ni wiki.

Tofauti ya haya yote ni ImageJ, programu ya kuchambua picha za kisayansi, na huwa naitaja kwa sababu inawaudhi wapenda mapya. Wayne Rasband wa taasisi za afya za taifa za Marekani, NIH, aliiandika kwa Java kuanzia 1997, baada ya kuwa ametengeneza ndugu yake mkubwa, NIH Image, kwa Pascal kwenye Macintosh. Madirisha yake ni ya AWT, zana ya zamani ya Java ya kuchorea madirisha, kitu ambacho hakuna mwanafunzi atakayekionea fahari kwenye wasifu wake. Haipendezi. Lakini inafunguka kwenye Windows, Mac na Linux, ni mali ya umma bila leseni ya kuogopa, makro zake, yaani orodha za amri inazozitekeleza yenyewe, ni maandishi ya kawaida, na wanabiolojia wanaendelea kuhesabia seli humo. Mara nyingi mtu hunijia akitaka ajengewe programu mpya ya kupima vitu kwenye picha za hadubini, na jibu langu ni kwamba anahitaji makro ya mistari 30 ndani ya ImageJ. Huondoka amenuna kidogo. Ruzuku yake ilikuwa imeandikwa "kutengeneza programu".

Kwa hiyo nikiulizwa mimi nachagua nini: kwa programu ya kusoma kifaa na kuchora grafu inayotembea, Python na PySide, pamoja na pyqtgraph, maktaba nyingine ya grafu, kwa sababu matplotlib huchoka haraka inapotakiwa kuchora upya mara nyingi kwa sekunde. Kwa watazamaji wengi, kivinjari, na kama inawezekana faili linalojitegemea badala ya seva. Kwa picha, ImageJ kwanza. Kwa kifaa kinachoongea LabVIEW tu, LabVIEW, na pesa ya leseni ihesabiwe kwa miaka yote ya kifaa badala ya mwaka wa mradi. Lakini uchaguzi huo ni wa pili. Wa kwanza ni kuigawa programu katikati. Upande mmoja hesabu: kazi zinazopokea namba na kurudisha namba, zisizojua kama kuna dirisha duniani, zinazoweza kuendeshwa na kupimwa zenyewe. Upande wa pili dirisha, jembamba kadiri inavyowezekana, likiziita kazi hizo na kuchora majibu. Data ikae kwenye miundo ya wazi, CSV kwa vitu vidogo, HDF5 au NetCDF kwa vikubwa, isiwe ndani ya faili ambalo ni programu yako pekee inayoweza kulisoma. Dirisha litakufa, iwe ni Qt, kivinjari au MATLAB. Likiwa jembamba, kulizika na kujenga jingine ni kazi ya wiki moja, na hapo, kweli, akili mnemba ni kibarua mzuri asiyechoka.

Ajabu ni kwamba karibu hakuna anayelifundisha hili. Vyuo vyetu vinafundisha lugha: muhula wa C, muhula wa Java, siku hizi Python. Kufunga programu ili ifunguke kwenye kompyuta ya mtu mwingine, kusoma leseni, kutenga hesabu na dirisha, hayo mwanafunzi atayaokota njiani. Wafadhili nao wana lao. Miradi mingi ya utafiti hutoa fedha kwa miaka mitatu, na fomu ya maombi huuliza programu itafanya nini. Mwaka wa nne hauna kisanduku. Ningekuwa nasahihisha maombi hayo ningeongeza swali moja tu, la jina: mtaje mtu atakayeifungua programu hii baada ya fedha kuisha, na kompyuta atakayoitumia. Siyo idara. Mtu. Nashuku maombi mengi yangebadilika kabla ya kutumwa. Mengine yangeacha kabisa wazo la programu mpya na kuomba fedha ya kutunza plagini ya zamani inayofanya kazi, ingawa hiyo haina uzinduzi wala utepe wa kukata.

Mpaka fomu hizo zibadilike, nina jaribio dogo ninalowapa wanafunzi kabla hawajaleta programu kutetea. Iweke kwenye flashi. Nenda kwenye kompyuta ya katibu muhtasi wa idara, ile yenye barua na ratiba za mitihani, mwombe kwa adabu dakika tano, na uifungue bila kusakinisha kitu na bila kugusa intaneti. Nimelifanya mwenyewe mara nne kwa programu zangu. Mara ya kwanza antivairasi iliifuta kabla sijaketi. Ya pili ilidai faili lililokuwa limebaki kwenye laptopu yangu. Ya tatu ilifunguka, ikaganda. Ya nne ilifunguka vizuri, grafu ikachorwa, nikageuka kumwonyesha dada wa watu. Akaniuliza kitufe cha kuanzia kiko wapi. Kioo chake ni cha nukta 1366 kwa 768. Kitufe kilikuwa chini, nje ya kioo.